Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mguu wa mdogo wangu ulikosa damu kabla haujakosa dawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali, na waganga wakuu wote wa mikoa na wilaya.

YAH: MIGUU INAYOVUNJIKA BARABARANI NA KUISHIA KUTOA USAHA KWA MIAKA

Waheshimiwa, shikamooni.

Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 26. Kila mwaka, tulipofika kwenye mzunguko wa damu, nilichora ubaoni moyo na mapafu, ateri kwa chaki nyekundu na vena kwa chaki ya bluu. Nikaishusha mishipa hadi miguuni, nikaikunja vidoleni, nikairudisha juu. Hata siku moja sikuchora mshipa unaoingia ndani ya mfupa. Mifupa niliifundisha wiki nyingine kabisa, kama nguzo za nyumba: vitu vyeupe, vikavu, vya kushikilia mwili usianguke. Kosa langu nilikuja kulijua nikiwa kwenye benchi la wodi ya wanaume, nimekaa kando ya kitanda cha mdogo wangu, mguu wake wa kulia ukitoa usaha kwa mwaka wa tatu.

Alikuwa dereva wa bodaboda. Jioni moja ya masika mwaka 2018, kwenye saa kumi na mbili na nusu, lori dogo lilimgonga kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma. Muundi ulikatika katikati na ncha ya mfupa ikatokeza nje ya ngozi. Wenzake wa kijiweni walimbeba kwa bajaji na ndani ya dakika ishirini alikuwa kwenye kituo cha kwanza cha afya. Hapo alifungwa pamba na bandeji. Sindano ya antibiotiki haikuwepo. Tukaambiwa tufuate PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kisha tusubiri gari la wagonjwa, kisha tuchangie mafuta ya gari. Sindano ya kwanza aliipata hospitali tuliyopewa rufaa, saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: ni saa kumi na nusu tangu aanguke. Tiata kwa ajili ya kuoshwa kidonda aliingia siku ya nne, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Vituo hivyo sivitaji. Wauguzi niliowakuta hawakuwa watu wabaya. Mmoja alitoa khanga yake mwenyewe ikamfunike mgonjwa. Barua hii ni ya kwenu ninyi mnaopanga kipi kiwepo kabatini na nani afanye nini kwanza.

Naomba mniruhusu nifundishe kidogo, maana ndiyo kazi niijuayo, na maana naamini jambo hili lote linaharibika pale tunaposahau kwamba mfupa unaishi kwa damu.

Muundi wa mtu mzima unalishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ateri inayochomoka kwenye ateri kubwa ya nyuma ya mguu, ikapenya tundu dogo upande wa nyuma wa mfupa, sehemu ya juu, kisha ikashuka ndani ya uboho ikigawanyika matawi. Hiyo inalisha takribani theluthi mbili za ndani za ukuta wa mfupa. Theluthi ya nje inalishwa na utando unaouvika mfupa, na utando huo nao unategemea misuli iliyougusa. Sasa papasa muundi wako kwa mbele. Hakuna msuli hapo. Kuna ngozi, halafu mfupa. Karibu theluthi nzima ya uso wa mfupa ule iko chini ya ngozi tupu, na kadiri unavyoshuka kuelekea kifundo ndivyo misuli inavyogeuka kano na damu inavyopungua.

Mfupa ukikatika, ateri ya ndani inakatika nao. Kinachobaki ni utando wa nje. Ncha ikitoboa ngozi, utando unachanika na misuli ya jirani inapondwa. Kipande cha mfupa kilichobanduliwa ndani na nje kimekufa palepale, hata kama kwa macho ni cheupe na kizuri. Vumbi la barabarani na bakteria wa ngozini, hasa stafilokoka, wanakaa juu ya kipande hicho kisicho na ulinzi na wanajijengea utando wa ute. Bakteria waliojificha kwenye ute huo wanaweza kustahimili dawa mara mamia ya kiasi kinachowaua wenzao wanaoelea peke yao. Mwili kwa upande wake unajaribu kukizingira kile kipande kwa ganda la mfupa mpya, lenye matundu, na usaha unatafuta njia kupitia matundu hayo hadi ngozini. Wodini tulizoea kusema "mfupa umeoza". Ukweli ni kwamba hauozi kama nyama. Unakaa humo mkavu, mgumu, hauna damu, miaka na miaka, ukiwatunza bakteria kama ghala.

Sasa tazameni tiba aliyopewa mdogo wangu. Vidonge. Baadaye sindano, halafu vidonge tena. Tundu likifunga tunamshukuru Mungu, baada ya miezi miwili linafunguka. Wifi yangu alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa maboksi matupu ya dawa, aliyahifadhi kwa sababu kila daktari mpya alikuwa anauliza ametumia nini. Nilipoona mfuko ule umejaa ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la sita angeliuliza mapema zaidi: dawa inafikaje kwenye mfupa?

Inafika kwa damu. Hakuna barabara nyingine. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, damu inakisambaza. Pale ambapo damu haifiki, dawa haifiki. Sisi wa Morogoro tunalima mpunga, tunalijua hili bila kusoma: mfereji wa jaruba ukizibwa, fungulia maji yote ya mto, jaruba lile litabaki kavu na majirani zake watafurika. Miaka mitatu tulikuwa tunafungulia mto. Vidonge viliharibu tumbo lake, na bila shaka vilifundisha bakteria wengine usugu, na mfupa mfu ulikuwa palepale.

Kuna jambo lingine lililotupotosha, nalo linawapotosha hata watumishi wa afya. Mguu wenye ugonjwa huu mara nyingi una joto. Umevimba, ngozi inang'aa, ukiugusa unahisi damu ni tele. Na kweli, kuzunguka penye uambukizi mishipa midogo inatanuka na damu nyingi inakuja. Lakini wingi huo upo kwenye nyama iliyovimba, wakati katikati yake kipande cha mfupa kina kiu. Halafu damu iliyokuja inashindwa kurudi vizuri. Mguu uliofungwa hogo la plasta miezi mingi hautembei, na misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayosukuma damu ya vena kupanda moyoni. Pampu ikilala, maji yanatuama kifundoni. Kisha makovu yanakuja: kila wiki ya usaha inaacha nyuzi ngumu zisizo na mishipa, na kila operesheni isiyokamilika inaongeza nyingine. Baada ya miaka, tishu zote kuzunguka mfupa zinakuwa kama ngozi kavu ya ngoma. Kidonda kwenye ngozi ya namna hiyo hakiponi. Na nimeambiwa na madaktari jambo ambalo sikulipenda kulisikia: tundu linalotoa usaha kwa miaka mingi linaweza kugeuka saratani ya ngozi.

Mtu wa kwanza aliyetazama mguu ule kama suala la damu tulimpata mwaka wa tatu, hospitali ya rufaa. Hakuanza kwa kuangalia tundu. Alivua soksi ya mguu mzima na bandeji ya mguu mgonjwa, akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha kila mguu, akahesabu hadi rangi iliporudi. Akatafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa vidole. Akapima shinikizo la damu kifundoni akalilinganisha na la mkononi, akatuambia kwamba la kifundoni likishuka chini ya 0.9 ya lile la mkononi, ateri zina shida na operesheni ya mfupa itangoja. Akamuuliza kuhusu sukari. Akamuuliza kuhusu sigara, na mdogo wangu akajibu pakiti moja kwa siku mbili. "Ukivuta, mishipa inabana," alimwambia. "Mimi nitakuletea damu, wewe utaifukuza." Aliacha siku ile ile, na hajarudia.

Kipimo kile kilichukua dakika zisizozidi kumi na tano. Miaka mitatu hakuna aliyekifanya, au kama alikifanya hakikuandikwa popote kwenye faili.

Kisha dawa zote zilisimamishwa kwa wiki mbili, jambo lililotutisha, ili vipande vya mfupa vitakavyotolewa vikaoteshwe maabara bila dawa kuficha bakteria. Tiata ilichukua saa tano. Alitoa kipande cha mfupa mfu chenye urefu wa kidole changu cha shahada, kisha akaendelea kuchonga ukuta wa mfupa kwa patasi mpaka ukatoa vitone vidogo vyekundu kama unga wa pilipili ulionyunyizwa. Alinieleza baadaye kwamba ndiyo alama yake ya kusimama: mfupa unaotokwa na damu uko hai, usiotokwa na damu unatoka. Mwisho akageuza msuli wa shavu la mguu, ule wa ndani, akiuacha umeshikana na mshipa wake wa damu, akaulaza kwenye pengo na kuufunika kwa ngozi kutoka pajani. Kwa hiyo mfupa ulipata kitu ambacho haukuwahi kuwa nacho tangu kuumbwa, nyama mbele yake. Na kwa mara ya kwanza damu ilipita pale, dawa ikapita nayo. Antibiotiki iliyochaguliwa na maabara, wiki sita. Tundu lilifunga. Mguu umepungua sentimita tatu, anavaa kiatu kilichoongezwa soli, ana duka la vipuri vya pikipiki.

Daktari yule alinisimulia kisa kimoja nikiwa nasubiri, nami nimekisoma zaidi baadaye, kwa sababu kinafanana na chetu kuliko nilivyotegemea. Mwaka 1964 Valery Brumel wa Umoja wa Kisovyeti alichukua dhahabu ya kuruka juu kwenye Olimpiki ya Tokyo. Rekodi ya dunia ya mita 2.28 ilikuwa yake. Mwaka uliofuata, mjini Moscow, alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki iliyopata ajali, mguu wa kulia ukavunjika vibaya sana, mfupa nje. Miaka ikapita ya operesheni juu ya operesheni, usaha, mguu ukapungua urefu. Hakuponea Moscow kwenye hospitali kubwa. Alipelekwa Kurgan, Siberia, kwa Gavriil Ilizarov, daktari aliyeanza kwa kutibu majeruhi wa vita ambao miguu yao ilikuwa imegoma kupona, na ambaye tangu 1951 alikuwa akitumia vyuma vya duara vilivyoshikwa kwa nyaya. Brumel aliruka tena zaidi ya mita 2.

Watu wanakumbuka vyuma. Mimi nilichokishika ni uangalifu wa Ilizarov kwa damu. Alikata ukuta wa nje wa mfupa taratibu akihifadhi uboho na utando, akasubiri siku kadhaa, kisha akauvuta kwa milimita moja kwa siku, robo robo mara nne, kasi ambayo mishipa mipya inaweza kuifuata. Yeye na wenzake waliona kwamba mguu unaovutwa hivyo unaingiwa na mishipa mingi zaidi, na kwamba damu hiyo ndiyo inayosafisha uambukizi. Chuma kilikuwa cha kutengenezwa mkoani, mbali na mji mkuu. Wazo ndilo lililokuwa la thamani.

Nasema haya kwa sababu kila nikisikia mipango yetu ya majeruhi wa barabarani, nasikia mashine na vyuma. Taasisi yetu ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria Na. 7 ya mwaka 1996, imeshafanya kazi ya kujivunia hapa: utafiti wake uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa wa muundi uliovunjika wazi, wengine wakiwekewa chuma cha ndani na wengine vyuma vya nje, vile vilivyobatizwa antena wodini kwetu. Ndani ya mwaka mmoja haukuonekana utofauti wa wazi kati yao katika vifo na kurudishwa tiata kwa uambukizi au mfupa kugoma kuunga. Kwangu mimi, mwalimu tu, hilo linasema tusigombanie aina ya chuma wakati saa za kwanza zinapotea na mfupa umebaki wazi.

Na saa hizo zinajulikana. Mwaka 1989 Patzakis na Wilkins walitoa matokeo ya mivunjiko wazi 1,104 nchini Marekani: waliopata antibiotiki ndani ya saa tatu, uambukizi ulikuwa asilimia 4.7, waliochelewa, 7.4. Mwaka 1986 Marko Godina wa Ljubljana alitoa matokeo ya wagonjwa 532. Waliofunikwa kidonda kwa nyama hai ndani ya saa 72, uambukizi ulikuwa asilimia 1.5. Waliofunikwa baada ya hapo, hadi miezi mitatu, 17.5. Mdogo wangu kwa saa 72 alikuwa bado hajaoshwa.

Ninachoomba, Waheshimiwa, kwanza ni sindano. Zahanati na kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu kiwe na sindano ya antibiotiki ya mfupa uliotoka nje, pamoja na ya pepopunda, na muuguzi aruhusiwe na aamriwe kuichoma kabla ya karatasi yoyote. PF3 ifuate baadaye. Bohari ya Dawa inajua gharama ya chupa moja. Linganisheni na mfuko wa wifi yangu. Sindano hiyo iandikwe saa yake kwenye fomu ya rufaa, ili anayepokea ajue.

Kwenye fomu hiyo hiyo iongezwe sehemu ndogo ya damu ya mguu: mapigo yapo au hayapo, ukucha unarudi rangi kwa sekunde ngapi, vidole vina ganzi au la, shavu la mguu limekaza au laini. Haihitaji umeme. Ingewasaidia pia wale ambao mguu wao unabanwa na uvimbe ndani ya misuli, au na hogo lililofungwa kwa nguvu, au na mianzi ya mwunga mifupa wa kijijini. Kuhusu hawa wa mwisho naomba wasikutane na serikali kwa kukamatwa tu. Watu wetu wataendelea kwenda kwao. Mkae nao, muwafundishe kutazama vidole, na wajue kwamba mfupa uliotokeza nje si wa kufungwa mianzi hata saa moja.

La tatu ni gumu zaidi na sitalipunguza. Tunahitaji mikoani watu wanaoweza kugeuza msuli na kufunika muundi. Kwa theluthi ya juu na ya kati ya mguu misuli ya shavu la mguu inatosha, haihitaji darubini ya upasuaji, inahitaji mikono iliyofundishwa. Peleka daktari mmoja wa mkoa akakae miezi na mabingwa, arudi, afundishe mwingine. Theluthi ya chini, ambako msuli wa jirani haufiki, ipewe rufaa mapema, siku za kwanza, badala ya mwaka wa tatu. Na hospitali ya mkoa iwe na maabara inayootesha kipande cha mfupa chenyewe, kwa sababu usaha wa tunduni mara nyingi unaonyesha wapangaji wa ngozini tu.

Kuhusu malipo nitasema kifupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kitita cha mgonjwa huyu kihesabiwe kwa safari nzima, kuanzia tiata, maabara, wiki sita za dawa, viatu vya kuongezwa soli, hadi mazoezi ya viungo yanayoamsha ile pampu ya shavu la mguu. Tulilipa kwa kukatakata, na kila palipokatika pesa ndipo tiba ilipokatika.

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Afya itasomwa tena bungeni. Naomba safari hii iwe na tarakimu mbili kwa kila mkoa: majeruhi wangapi walifika na mfupa uliotokeza nje wakachomwa sindano ndani ya saa moja, na wangapi waliorudi ndani ya mwaka wakitoa usaha. Nitaisikiliza nikiwa dukani kwa mdogo wangu, ana redio pale.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Morogoro.